Bunduki Tupu Ndiyo Iuayo

Majuma mawili yaliyopita nilialikwa karamu ya arusi katika mtaa mmoja wa mji wa Mombasa. Nikahi ilikuwa imekwisha pita, pilau imekwisha liwa, na sisi wazee tumekaa barazani tukinywa kahawa chungu, mara akatokea kijana mmoja mwenye kibali cha serikali cha kumiliki silaha. Wenziwe walimzunguka wakamtaka awaonyeshe bastola yake. Naye, kwa ule ujana wake, akaichomoa kiunoni na kuigeuzageuza mkononi, mdomo wa bastola ukapita mbele ya vifua vya watu watano au sita, nami nikiwa mmoja wao. Aliponiona nimeshtuka alicheka, akasema, "Usiogope, mzee wangu, haina kitu."

Niliweka kikombe chini, nikavaa viatu vyangu, nikatoka bila ya kuaga.

Hakukutokea jambo. Bastola ilirudi kiunoni, na arusi ikaendelea kwa heri. Lakini kesho yake mwenye shughuli alinipigia simu kuniuliza ni kipi kilichoniudhi. Nimeona si vyema nimjibu yeye peke yake, kwa kuwa maneno yale mawili, "haina kitu", nimepata kuyasikia zamani, tena yakitoka kinywani mwangu mwenyewe.

Nyumba ya babu yangu ilikuwa Lamu, mtaa wa Langoni. Juu ya zidaka za ukumbini palitundikwa gumegume moja kongwe, ndefu kuliko kimo changu wakati ule, kitako chake kimetiwa nakshi ya shaba. Msomaji kijana huenda asiijue gumegume. Ni bunduki ya kushindilia kwa mdomoni: baruti hutiwa kwa mbele, ikafuatiwa na kitambaa na risasi au marisau, kisha vyote vikashindiliwa kwa mdeki, yaani ule ufito wa chuma ukaao chini ya mtutu. Huku nyuma huwa pana jiwe la kiberiti lililobanwa na mtambo. Ukivuta kifyatulio jiwe hupiga chuma, cheche zikaanguka katika kibakuli chenye baruti kidogo, na moto ukapenya kitundu ukaifikia ile baruti ya ndani.

Lugha yetu imeihifadhi historia ya silaha hizi. Neno "bunduki" tumelipata kwa Waarabu, na kwao bunduq ni kokwa ya mti, kisha likawa jina la kidonge cha kutupwa, na mwisho likawa jina la chombo chenyewe kitupacho. "Mzinga" wa vita umechukua jina la mzinga wa nyuki, kwa kuwa vyote viwili ni kigogo chenye uwazi ndani. Na bila shaka aliyeona kufanana huko aliona pia kwamba vyote viwili vina wakazi wasiofaa kuchokozwa.

Basi mwaka wa 1984, siku ya pili ya Idi, wazee walikuwa wametoka kuamkiana. Mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne, na mtoto wa ami yangu alikuwa na kumi na miwili. Tuliishusha gumegume ya babu. Tulikuwa na fataki za Idi mfukoni, na kwa akili zetu za kitoto tukazipasua tukamimina unga wake katika kile kibakuli, tupate kuona cheche tu. Mwenzangu alisimama karibu na mlango akijifanya adui. Akaniuliza, "Je, haina risasi?" Nikamjibu, "Haina kitu. Iko ukutani tangu zama za babu." Nikaivuta jiwe nyuma, nikamlenga kifuani.

Aliyeingia wakati ule alikuwa mjomba wangu, nduguye mama, aliyekuwa askari wa wanyama katika bara ya Lamu. Hakupiga kelele. Alitembea polepole hadi ubavuni mwangu, akaushika mtutu kutoka chini akauinua mpaka ukatazama boriti za dari, na kwa mkono wa pili akazuia jiwe lisianguke. Baadaye aliniambia kwamba alichelea kunishtua, kwa kuwa kidole cha mtu aliyeshtuka hujikunja chenyewe.

Alipokwisha kupangusa ule unga wa fataki alichomoa mdeki, akautia ndani ya mtutu mpaka ukagota. Akatia alama kwa kisu pale ulipotokezea mdomoni. Kisha akautoa, akaulaza ubavuni mwa mtutu kwa nje, ile alama ikiwa sawa na mdomo. Bunduki ikiwa tupu, ncha ya mdeki yapasa kufika penye kitundu cha moto. Haikufika. Ilipungukiwa na vidole vinne.

"Hii imebeba," alisema mjomba. "Imebeba tangu kabla yangu mimi kuzaliwa."

Alimimina maji mtutuni akaiacha kutwa na kucha. Kesho yake alifunga parafujo kwenye ncha ya mdeki akatuchokolea mbele ya macho yetu: kitambaa kilichooza, risasi moja ya duara kubwa kama kungumanga, na tope jeusi lililokuwa baruti. Baruti nyeusi ikikaa pakavu haizeeki. Nilimuuliza kama kweli ingelia. Akanijibu, "Huenda isingelia, na huenda ingelia. Wataka tumuulize nduguyo?"

Siku chache baadaye gumegume ile ilipelekwa kwa wenye mamlaka, wala haikurudi zidakani. Ama sisi wawili tuliketishwa chini tukafundishwa, na mafunzo yale ndiyo niliyotoka nayo kwenye arusi ile ya Mombasa.

La kwanza, kila bunduki imebeba mpaka wewe mwenyewe uhakikishe kwa jicho na kwa kidole, na ukiitoa mkononi ikarudi, hakikisha tena. La pili, usiuelekeze mdomo wake kwenye kitu usichokuwa radhi kukiangamiza. La tatu, kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umekwisha kuazimia. La nne, kijue ukilengacho na kilicho nyuma yake, kwani risasi haisimami kwa kuwa umeipata shabaha. Ukiyatazama vizuri mambo haya manne, utaona kwamba hayaji madhara ila mawili kati yake yavunjwe pamoja. Mimi siku ile nilikuwa nimekwisha yavunja yote manne.

Wengi hudhani haya ni mafunzo ya jeshi yaliyokuja na Wazungu. Sivyo. Sisi tuliokaa chuoni juu ya mkeka tumeyasikia kabla hatujaiona bunduki. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Huraira kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkataza mtu kumwelekezea nduguye silaha, kwa kuwa hajui, huenda shetani akaivuta mkononi mwake, naye akatumbukia katika shimo la Moto. Na katika mapokezi ya Muslim imekuja kwamba malaika humlaani amwelekezeaye mwenziwe chuma, hata akiwa nduguye wa baba mmoja na mama mmoja. Abu Musa naye amepokea kwamba apitaye msikitini au sokoni na mishale, naikamate penye vichwa vyake, asije akamjeruhi Mwislamu. Na Jabir amepokea katazo la kupeana upanga uliochomolewa alani. Itazame hekima hiyo: hakuna lililosemwa juu ya nia ya mtu. Mzaha na uadui vimetiwa katika katazo moja, kwa sababu chuma hakijui tofauti yake.

Likizo iliyofuata nilimfuata mjomba kambini kwake, na huko ndiko nilikojifunza upande wa pili wa habari hii, yaani utunzaji. Kwa maana bunduki hudhuru kwa njia mbili: kwa kulia isipotakiwa, na kwa kukataa inapotakiwa.

Bunduki ya mjomba ilikuwa ya serikali, aina ya Lee-Enfield, ambayo askari wakiiita kwa nambari tu, 303. Ilikuwa na kilo zipatazo nne, na kasha lake huchukua risasi kumi. Katika kitako mlikuwa na kilango cha shaba, na ndani yake hukaa kichupa cha mafuta na kamba yenye uzito wa shaba ncha moja na kitanzi ncha ya pili. Kitanzini hutiwa kitambaa, uzito ukapitishwa kutoka nyuma ya mtutu, kisha kamba ikavutwa itokee mdomoni kwa mvuto mmoja ulionyooka. Aivutaye upande kamba hukwaruza mdomo wa mtutu, na mdomo ukilika, risasi hupotea njia.

Lakini kabla ya kitambaa yalikuja maji ya moto. Nilistaajabu kumwona mjomba akichemsha birika, nikadhani ni chai, kumbe ni ya bunduki. Akayamimina kwa mrija ndani ya mtutu mpaka yakaisha. Nikamwambia, "Mjomba, maji si ndiyo yaletayo kutu?" Akanieleza. Risasi za zamani zilikuwa na dawa ya kuwashia ambayo, ikishaungua, huacha chumvi ndani ya mtutu. Si chumvi ya jikoni hasa, bali ni ndugu yake, nayo huvuta unyevu wa hewani vivyo hivyo. Mafuta hayaiyeyushi chumvi, huifunika tu, nayo ikaendelea kula chuma chini kwa chini. Maji ndiyo yaiyeyushayo. Na yakiwa ya moto, chuma hupata joto kikajikausha chenyewe upesi. Ndipo hupitishwa kitambaa kikavu mara kadha, na mwisho kitambaa chenye mafuta machache. Watu wa Lamu hatuhitaji kuhubiriwa habari za chumvi. Tunaona milango yetu na misumari ya majahazi yetu. Risasi nyingi za siku hizi hazina tena dawa ile, lakini hewa ya bahari haijabadilika, na mwenye silaha pwani akiiacha juma moja bila ya kuipangusa atakuta wekundu umeanza.

Mafuta yenyewe yana adabu yake. Kambini palikuwa na askari mwingine aliyeipenda bunduki yake kupita kiasi. Aliipaka mafuta mpaka ikang'aa kama samaki wa kukaanga, na mdomoni aliizibia tambara, mvua isiingie. Mjomba alimwonya mara nyingi. Mafuta mengi hushika vumbi, na vumbi na mafuta vikichanganyika huwa tope la kusagia chuma. Chumba cha risasi chatakiwa kiwe kikavu, kwani ganda lenye mafuta halishikamani na kuta zake, na nguvu yote ya mlipuko ikaurudia mtambo wa nyuma. Ama tambara la mdomoni hufungia unyevu ndani, na siku mtu akilisahau akafyatua, mtutu huvimba au ukapasuka. Udongo na theluji hufanya vivyo hivyo, hata mdudu aliyejenga kiota.

Alfajiri moja wakiwa doria, mtu yule alikutana na nyati aliyejeruhiwa na majangili. Alikuwa amezitia risasi tano kwa mkono, gizani na kwa haraka. Risasi za 303 zina ukingo kitakoni, na ukingo wa ile ya juu sharti ukae mbele ya ukingo wa ile iliyo chini yake. Zikipandana kinyume hukamatana. Alipiga moja ikamkosa nyati, akavuta komeo, ya pili ikakwama. Akalivuta tena, tope la mafuta likalizuia. Nyati hakungojea. Yule bwana aliishi, alhamdulillahi, lakini paja lake halikunyooka tena, na mjomba ndiye aliyembeba. Tangu siku hiyo nilimwona mjomba akipanga risasi zake moja moja mchana, juu ya kitambaa safi, akipangusa kila moja na kuitazama kama ina ufa, kutu au kibonyeo. Iliyo na shaka huiweka kando.

Si huyo tu aliyeponzwa na bunduki iliyogoma. Mwezi wa Januari mwaka 1885 huko Sudani, jeshi la Waingereza lilipopambana na wafuasi wa Mahdi penye visima vya Abu Klea, bunduki nyingi za Martini-Henry zilikwama mikononi mwa askari. Bunduki ile ilikubaliwa jeshini mwaka 1871, nayo ilikuwa maarufu kwa nguvu zake. Lakini ganda la risasi zake lilikuwa la shaba nyembamba iliyoviringishwa kama karatasi. Mtutu ulipopata moto na masizi ya baruti yalipojaa, ganda lilinata ndani, kitoleo kikararua kitako chake, na askari akabaki na rungu. Baadaye maganda yakatengenezwa kwa shaba nzima.

Na asidhani mtu kwamba mafuta ya bunduki ni jambo dogo. Mwaka 1857 huko Bara Hindi askari wa Kiislamu na wa Kibaniani waliasi mabwana zao wa Kampuni ya Kiingereza, na cheche iliyowasha moto ule ilikuwa habari kwamba karatasi za risasi mpya za Enfield, ambazo askari huzirarua kwa meno, zimepakwa mafuta ya nguruwe na ya ng'ombe. Sababu nyingine zilikuwa zimerundikana tangu zamani, kama baruti mtutuni. Mafuta yalikuwa ndiyo cheche tu.

Mjomba alinifundisha pia tabia ya bunduki inapokataa. Ukivuta kifyatulio usisikie kitu, usikimbilie kuifungua wala kuchungulia mdomoni. Iache imetazama pale pale pasipo na mtu, uhesabu nusu dakika au zaidi, kwani huenda moto unasinzia ndani na utaamka. Na ukisikia mlio mdogo usio wa kawaida, acha kupiga. Huenda risasi imekwama katikati ya mtutu, na ya pili ikiifuata, mtutu utapasuka usoni mwako. Itoe ile bunduki risasi zote, kisha chungulia kutoka nyuma, au mpe fundi.

Sasa namrudia kijana wangu wa arusini, ambaye simchukii, kwa kuwa mimi nilikuwa yeye. Naamini alikuwa amelitoa kasha la risasi. Lakini bastola ya kisasa ikitolewa kasha haijawa tupu, maana risasi moja yaweza kubaki katika chumba chake, na moja yatosha. Utaratibu ni huu: uelekeze mdomo pasipo na mtu, kidole nje, utoe kasha kwanza, kisha uvute mtambo nyuma mara kadha, uuzuie wazi, utazame chumbani na kutia ncha ya kidole. Ukigeuza mpango, ukavuta mtambo kabla ya kutoa kasha, umetoa risasi moja na kuingiza nyingine kwa mkono wako mwenyewe. Baada ya hapo silaha ifungiwe pake, na risasi zifungiwe pao, na ufunguo usikae mahali wanapopajua watoto. Watoto wanajua zaidi ya tunavyodhani. Sisi tulijua kigoda kipi hufika zidakani.

Asiye na kibali, sheria ya silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, haimpi nafasi ya kushika, seuze kuficha. Na akutaye bunduki, risasi au kombora la kale, iwe shambani, mikokoni au ndani ya sanduku la marehemu babu, asiliguse wala asilisugue kutu. Awazuie watoto, awaite polisi. Ama kupiga risasi hewani kwa furaha ya arusi, ikumbukwe kwamba kila ipandayo hushuka, nayo haichagui paa la kuangukia.

Mshairi hawezi kuondoka barazani bila ya kuacha neno. Niliutunga ubeti huu usiku ule ule niliporudi nyumbani, nampelekea kijana wangu badala ya salamu nilizomnyima:

Silaha si ya mzaha, wala si ya kuchezea,
Isafishe ni nasaha, kutu isije enea,
Jihadhari na madaha, mtu kumuonyeshea,
Hata pasi na shabaha, roho yaweza potea.

Mjomba amekwisha tangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Mtoto wa ami yangu yu hai, ana wajukuu wanne na duka la vyuma vya ujenzi. Kila Idi, nikienda kumwamkia, hunisimamia mlangoni pale pale kama alivyosimama siku ile, ananyosha mikono juu, ananiuliza, "Mdeki umepima?" Wajukuu zake hucheka wasijue wanalolicheka. Nami humjibu kila mwaka kwamba nimepima, kisha tunakumbatiana, naye hunishika muda mrefu kidogo kuliko desturi.